Matembezi ya ndege yafuate maji, si saa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenzangu wa matembezi ya jioni ya kutazama ndege.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiyo maana kundi letu likanikabidhi daftari la kuhesabia. Jumamosi iliyopita tulifika kando ya mikoko saa kumi na moja jioni, maji yamejaa pomoni. Sululu na vitwitwi walikuwa wamebanana kwenye kipande cha mchanga kisichozidi uwanja wa mpira wa wavu, wengi wamesimama mguu mmoja, mdomo wameuficha kwenye manyoya ya mgongoni. Nilikuwa nimefika 143, mara mwenzetu mmoja mwenye kamera akapiga makofi. Alitaka picha ya ndege wakiruka. Wakaruka wote, wakazunguka weee, na kwa kuwa pengine pakavu hapakuwapo, wakarudi palepale. Akapiga tena.

Watu walicheka. Mimi nikafunga daftari.

Ndege wale hawakukaa bure. Riziki yao, minyoo na kaa wadogo, imo matopeni, na matope yakishafunikwa hawana la kufanya ila kupumzika na kutunza mafuta ya safari. Mwaka 2022 kinda wa miezi mitano wa ukoo huohuo wa sululu, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Mafuta ya namna hiyo ndiyo tunayoyachoma kwa makofi.

Lakini kosa si la mpiga picha peke yake (ingawa darubini yangu simwazimi tena). Ratiba yetu ni saa kumi na moja kila Jumamosi, kana kwamba bahari nayo imetundika saa ukutani. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Zidisha kwa saba: karibu saa sita. Wiki hii tunayakuta yamejaa, wiki ijayo yamekupwa, ndege ni vinukta huko mbali, na watu wanakunja suruali kuwafuata matopeni.

Waandaaji wapange siku kwa jedwali la maji. Tufike yakianza kujaa, tukae kimya mikokoni, tochi mfukoni, ndege waje wenyewe wakisukumwa na maji.

Kwenye daftari, Jumamosi ile bado imeandikwa 143 na alama ya kuuliza.

Mshika daftari