Kiti cha Afrika WHO tumekipata, sasa tuambiwe tunaenda kusema nini

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Watu tulishangilia sana Mtanzania mwenzetu Dk Ndugulile alivyoshinda ukurugenzi wa WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, kanda ya Afrika Agosti 2024, akafariki Novemba hata ofisini hajaingia, Mungu amrehemu, halafu Mei 2025 Mtanzania mwingine, Profesa Janabi, akashinda kiti kilekile. Ni heshima kwa nchi na mimi nilifurahi kama wengine, ila mi naona tunashangilia kiti huku mfuko anao mwingine.

Pale Geneva, makao makuu ya WHO, kila nchi ina kura moja, Tanzania na Ujerumani sawasawa, na kanda yetu peke yake ina nchi 47. Lakini chukulia kikoba chetu cha mtaani, wote mna kura, ila kuna mmoja analeta hela nyingi nje ya hisa na anasema kabisa hizi akopeshwe fulani tu, sasa hapo mwenyekiti anaongoza nini? WHO ndivyo ilivyo, ada za lazima za nchi kwa miaka mingi hazikufika hata robo ya bajeti, zinazobaki ni michango ya hiari na nyingi inakuja imeshapangiwa kazi, na kati ya wachangiaji wakubwa mmoja wala si nchi, ni taasisi ya Bill Gates. Mwaka 2022 walikubaliana ada zipande mpaka zifike nusu ya bajeti ya msingi, Mei 2025 zikapandishwa asilimia 20. Serikali yetu ilipe na ilipe kwa wakati, hapo sitaki visingizio.

Maana hela ya mtu tumeshaiona ikiondoka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kuna CTC moja, yaani kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, hapa mjini (jina silitaji) vijana wanaofuatilia wateja walioacha dawa waliambiwa wakae nyumbani kwanza, nesi akabaki peke yake na rejesta, anaita majina, anapima uzito, anajaza kadi, foleni imefika mpaka nje kwenye benchi, na akipata upenyo anampigia aliyepitiliza tarehe kwa vocha yake mwenyewe. Na mikoa yenyewe ndio hii yetu, utafiti wa 2022-23 kwa watu wa miaka 15 na zaidi uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya maambukizi ya VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Uamuzi umefanyika Washington anayehangaika ni nesi wa Mbeya.

Ila tusijione hatuna kitu kabisa. Indonesia mwaka 2007 iligoma kutoa sampuli za mafua ya ndege, wakasema virusi tunatoa sisi, chanjo inatengenezwa na kampuni za nje halafu tunauziwa bei hatuiwezi. Walilaumiwa sana lakini 2011 WHO ikapitisha utaratibu mpya kwamba kampuni zinazofaidika na sampuli za mafua nazo zichangie. Afrika Kusini yenyewe Novemba 2021 ilitangaza Omicron kwa uwazi wote, shukrani yake ikawa kufungiwa ndege!

Sasa mkataba wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa Mei 2025 unasema watengenezaji watakaoshiriki watenge asilimia 20 ya chanjo na dawa kwa ajili ya WHO, angalau nusu yake bure, lakini namna ya kugawana sampuli na faida iliachwa iandikwe kwenye kiambatisho baadaye, na hapo ndipo penye vita yenyewe. Hapa Mbeya tuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, watu wa huku wametoa damu zao kwenye majaribio ya chanjo ya Ukimwi, kwahiyo hatuongelei mambo ya mbali.

Kwahiyo ninachoomba ni kimoja, Wizara ya Afya kabla ujumbe haujapanda ndege kwenda Geneva itoe kwa Kiswahili kurasa mbili tatu tu, tunadai nini, tutakubali nini na nini hatukubali, wakirudi wabunge wetu wa nyanda za juu wawaulize bungeni mlipata kipi mkaachia kipi. Posho za safari tunalipa sisi.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya