Mellencamp hakukimbia kwao

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wanamuziki waliotoka vijijini nimeisoma yote, na nawashukuru kwa kumkumbuka John Mellencamp, mwimbaji wa roki wa Marekani ambaye magazeti yetu humtaja kwa nadra sana. Ila mmemwacha njiani. Mmeishia mwaka 1982, wimbo wake uliposhika namba moja Marekani, kana kwamba kazi yote ilikuwa kuyakimbia mashamba ya jimbo la Indiana, na alipofanikiwa habari ikaisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipoanza.

Alizaliwa mwaka 1951 Seymour, mji mdogo uliozungukwa na mahindi na soya. Alipokwenda New York kutafuta mkataba, meneja Tony DeFries, aliyewahi kumsimamia mwimbaji David Bowie, alimbandika jina la Johnny Cougar, na albamu ya kwanza ikatoka nalo mwaka 1976 bila mwenyewe kuulizwa. Mafanikio ya 1982 ndiyo yaliyompa nguvu ya kudai jina la ukoo wake lirudi kwenye jalada. Jina la Cougar alikuja kuliacha kabisa mwaka 1991.

Kazi ambayo makala ingeielezea ni albamu ya Scarecrow ya mwaka 1985. Aliirekodi kwao, katika studio yake huko Belmont, mashambani Indiana, wakati wakulima wa Marekani wakiwa taabani. Miaka ya 1970 walihimizwa wakope na kupanua mashamba, na mabenki yaliwakopesha bila wasiwasi kwa sababu bei ya ardhi ilikuwa inapanda. Mwishoni mwa 1980 riba ikavuka asilimia 20, mazao yakakosa bei, na ardhi waliyoiweka dhamana ikashuka thamani. Minada ikaanza.

Wimbo unaofungua albamu hiyo, aliotunga na rafiki yake wa Seymour, George Green, unamweka mkulima mbele ya dalali aliyekuja kunadi shamba. Dalali mwenyewe ni rafiki yake wa siku nyingi. Anamwomba amwelewe, kwamba naye yuko kazini tu. Mtunzi asiyewajua watu hawa angemfanya dalali shetani. Mellencamp alijua kuwa katika mji mdogo anayekuja kukunyang'anya shamba ni mtu unayesalimiana naye kila siku, na uchungu wa wimbo uko hapo. Mara tu baada ya wimbo huo tunamsikia bibi wa Mellencamp, Laura, akiimba kipande cha wimbo wa zamani kwa muda usiofika dakika moja. Gitaa za umeme zimenyamaza. Sijui mwanamuziki mwingine wa roki wa miaka ile aliyethubutu kumweka bibi yake pale.

Hapa na sisi wa Afrika Mashariki tunaingia. Tarehe 13 Julai 1985, huko Philadelphia, katika tamasha la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia, mwimbaji Bob Dylan alisema jukwaani kwamba sehemu kidogo ya fedha hizo ingeweza kulipia madeni ya wakulima wa Marekani. Bob Geldof, mwandaaji, alikasirika, na alikuwa na haki: mtu anayepoteza shamba hawezi kulinganishwa na mtoto anayekufa kwa njaa. Lakini mwimbaji Willie Nelson alilichukua wazo la Dylan bila kugusa senti ya Ethiopia. Yeye, mwanamuziki mwenzake Neil Young na Mellencamp waliandaa tamasha lao, Farm Aid, likafanyika tarehe 22 Septemba mwaka huohuo huko Champaign, Illinois, mbele ya watu wapatao 80,000. Mwaka 1987 Nelson na Mellencamp walikwenda na wakulima wenyewe mbele ya Bunge la Marekani, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya mikopo ya kilimo iliyosaidia familia zisinyang'anywe mashamba. Farm Aid ingali hai, imeshakusanya zaidi ya dola milioni 80, na Mellencamp bado yumo kwenye bodi yake.

Mwaka huo wa 1987 alitoa The Lonesome Jubilee, yenye fidla ya Lisa Germano, kodiani na banjo, vyombo vya dansi za mashambani, juu ya ngoma nzito za roki. Hiyo ndiyo albamu yake ninayoipenda kuliko zote. Sikupenda alipokubali mwaka 2006 wimbo wake utumike kutangaza magari ya Chevrolet baada ya kuwalaumu wenzake kwa jambo hilohilo, na ningefurahi makala ingelitaja hilo pia.

Kinachonisukuma kuandika, Mhariri, ni vijana wa huku kwetu. Wanapiga gitaa vizuri sana, lakini ukiwasikiliza wanaimba kuhusu magari na kumbi za Dar es Salaam ambazo hawajawahi kuziona, kwa sababu kila wanachosoma kinawaambia kuwa msanii wa kijijini hupimwa kwa umbali aliokimbia. Tumeni mwandishi Mbinga msimu wa kuvuna kahawa, siku za malipo. Awakute jioni, awaulize kama kuna aliyewahi kutunga wimbo kuhusu mizani, makato, au mzee aliyeuza shamba ili alipe deni. Naamini wapo. Wakipatikana, wapeni ukurasa mzima.

Msomaji wenu,
Mbinga, Ruvuma