Anti, anayevunja korosho ni mbanguaji au mpishi?

Anti, shikamoo.

Tuko wanawake watano wa mtaa mmoja hapa Chikongola, Mtwara. Tunabangua korosho, yaani tunapasua ganda na kutoa kiini, pamoja uani kwa mkubwa wetu, tunauza, hela tulikuwa tunagawana sawasawa. Msimu huu maneno yameingia. Wawili wanataka kila mtu alipwe kwa kilo za korosho nzima zilizotoka mkononi mwake, kwa kuwa mwenzetu mmoja anavunja mno. Naomba ushauri, ila vumilia kwanza nieleze kazi yenyewe, maana ugomvi umejificha humo.

Gunia la kilo 80 la korosho ghafi, mambo yakienda vizuri, hutoa kilo 18 hadi 20 za korosho safi. Katika hizo, nzima ndizo zenye bei. Nusu na chenga huishia kwa wauza kashata, nao wanajua huna pa kuzipeleka.

Kazi huanza kwa kuchambua kubwa na ndogo. Wengi huiruka hatua hii halafu wanalaumu mashine. Visu vya mashine ya kubangulia hufungwa kwa saizi moja: ukichanganya, kubwa hukatwa mpaka kiini na ndogo hupita bila kupasuka. Zikishachambuliwa zinaingia kwenye pipa, maji chini, wavu juu, dakika 20 hadi 30 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Kisha zinatandazwa kivulini zilale mpaka kesho yake. Huko kulala si kupoa tu. Ganda linakauka, likibanwa linapasuka kwa mlio mkavu na kiini kinachomoka. Ambayo haijalala ganda lake lina unyevu, linabonyea kama ngozi, kiini bado kimeng'ang'ania ndani. Mbanguaji akikandamiza zaidi ndipo kinapogawanyika.

Sasa angalia ratiba yetu. Mkubwa anapika korosho saa nne asubuhi, kwenye jiko lilelile la chakula cha mchana, kwa hiyo anaepua mapema apate kubandika ugali. Wale wawili wanakuja asubuhi, wanabangua zilizolala. Mwenzetu anauza chai na maandazi, anafika saa kumi jioni, zilizolala zimekwisha. Anapewa za siku ileile, nyingine bado vuguvugu.

Nimezichunguza korosho zake. Kiini kimeachana katikati, kwenye mstari wake wa asili, nusu moja imebaki imeshika ganda. Mkono mbaya hauachi alama hiyo. Mkono mbaya unaacha chale ya kisu mgongoni mwa korosho, na zake hazina. Tena ganda bichi linamrukia zaidi mafuta yake makali yanayounguza. Majivu anayopaka hayamfikishi Magharibi, vidole vimebabuka, na korosho inayoguswa na mafuta hayo inaingia madoa meusi. Hayo nayo anahesabiwa yeye.

Kuna na la mizani. Zikishatoka kukaushwa, kila mmoja anachukua kilo 5 kwenda kumenya nyumbani usiku. Zikirudi pungufu, utasikia watoto wamekula. Jamani, lile ganda jekundu jembamba la juu ya kiini, tunalolimenya, nalo lina uzito! Lipimwe pamoja na korosho, uone kama maneno hayajaisha. Hilo halinisumbui sana.

Linalonisumbua ni kwamba kumtetea mwenzetu ni sawa na kumwambia mkubwa kuwa kosa linaanzia kwenye pipa lake. Yeye ndiye aliyetufundisha sote kazi hii, kuni ni zake, ua ni wake, na mmoja wa hao walalamikaji ni mkwewe. Nikisema, nitaonekana nimemvunjia heshima mbele ya mke wa mwanawe.

Nimefikiria jaribio. Tuhesabu korosho 100 za saizi moja zilizolala na 100 za siku hiyohiyo, kisha tuwabadilishe wabanguaji: mwenzetu apewe zilizolala, mmoja wa wale wawili apewe za leo. Baada ya nusu saa kila mtu ataona kwa macho yake. Lakini jaribio la hadharani lina mshindi na mshindwa, na aliyeshindwa atakuwa ndiye mwenye nyumba.

Njia nyingine ni kumwomba mkubwa apike jioni baada ya chakula, kwa kisingizio cha joto la mchana, zote zilale, basi. Korosho zitapona. Ila wale wawili watasema mwenzetu amejirekebisha baada ya kubanwa, na kulipana kwa kilo za nzima kutapita.

Wewe ungeanza na lipi, Anti? Nimfuate mkubwa peke yake, au nimtume mtu wa rika lake? Na kuna hela ambayo mwenzetu ameshakatwa kwenye mauzo mawili yaliyopita. Aliipokea pungufu, akafunga kwenye pindo la khanga, hakusema neno. Hiyo nani aitaje?

Msomaji wako,
Chikongola, Mtwara