Mdogo wangu, usiniulize buluu inaponya nini

Mdogo wangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya Jumapili niliiitikia mbiombio, mteja kasimama mlangoni anangoja gauni, na uliloniuliza, kama rangi inaponya, si la kujibiwa na mtu mwenye pini mdomoni. Umeniruhusu nikujibu mbele za watu bila kukutaja jina, maana mwaka huu wewe ni wa tatu kuniuliza jambo hilohilo. Basi kaa kitako.

Umesema kuna mtu kakuuzia taa saba za rangi kwa laki moja na themanini, pamoja na karatasi ya maelezo: nyekundu ya nguvu, chungwa ya hamu, njano ya furaha, kijani ya moyo, buluu ya utulivu, na nyingine zinafuata. Kila jioni ukae chini ya mojawapo dakika ishirini. Hayo peke yake yasingeniondolea usingizi. Kilichoniondolea usingizi ni maneno uliyoyasema mwisho, kwa sauti ya chini, kwamba kakwambia taa ya kijani ikishakukolea mwilini unaweza kupunguza vidonge vya presha.

Usipunguze hata kimoja. Nimeanza na hili ili hata ukichoka kusoma njiani, uwe umelipata.

Usije ukadhani nakwambia rangi ni upuuzi. Mimi nimekaa na rangi miaka ishirini na mbili kwenye cherehani hii. Namjua mtu anayeingia kanuna, ukamtandazia mezani kitambaa cha rangi ya chungwa, mabega yakashuka kabla hajauliza bei. Nina mteja mmoja, mwalimu, nguo zake zote ni rangi ya ugoro na kijivu, lakini kila gauni lazima bitana yake iwe nyekundu. Siku moja nikamwuliza, mwalimu, hii nyekundu nani ataiona? Akanijibu, "Mimi najua ipo." Jibu lile nimekaa nalo mpaka leo.

Tena kuna rangi inayotibu kweli, na umeiona kwa macho yako. Unamkumbuka mwanangu wa pili, siku yake ya tatu, macho yamegeuka rangi ya manjano ya kupikia? Ulikuja wodini na chupa ya uji ukamkuta kalazwa mtupu, kafunikwa macho kwa kitambaa, chini ya taa ya buluu iliyomfanya aonekane kama si mtoto wa watu. Ulilia. Kumbe ile buluu ndiyo dawa yenyewe. Mwanga wake hupenya ngozi, ukaibadilisha bilirubini, ile rangi ya njano iliyozidi kwenye damu, ikawa kitu ambacho mwili wa mtoto unaweza kukitoa. Jambo hili lilianzia hospitali ya Rochford huko Uingereza, miaka ya 1950. Nesi mmoja, Jean Ward, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti uani wapate jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepungua unjano, isipokuwa pale ilipofunikwa na pembe ya shuka. Mwaka 1958 daktari Cremer na wenzake wakachapisha matokeo ya taa waliyoiunda kwa kazi hiyo. Nampenda yule mama bila kumjua. Alitazama ngozi ya mtoto jinsi fundi anavyotazama kitambaa kilichochujuka upande mmoja.

Lakini angalia walichofanya. Walipima damu kabla ya taa, wakapima na baada yake. Ndivyo walivyofanya na mwanangu pia, kisigino chake kilichomwa sindano mpaka nikakichoka kukitazama. Huyo aliyekuuzia taa za kijani, je, alikupima presha kabla? Atakupima lini tena?

Sanduku la namna hiyo si geni. Dinshah Ghadiali, mzaliwa wa Bombay aliyehamia Marekani, alianza kuuza lake mwaka 1920, akaliita Spectro-Chrome: taa kali ndani, vioo vya rangi mbele, na ahadi ya kutibu karibu kila maradhi, kisukari kikiwamo. Mwaka 1947 mahakama ilimtia hatiani. Serikali ilionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa aliowataja kuwa wamepona walikuwa wamekufa kwa maradhi yaleyale. Ndiyo maana nimeng'ang'ania vidonge.

Sasa turudi kwenye ile karatasi. Njano ya furaha, imesema. Kwako huenda. Kwangu njano ni yale macho ya mwanangu, na mpaka leo mtu akiniletea kitambaa cha njano iliyoiva, mkono wangu husita kidogo kabla ya kukikata. Na buluu, wanayosema ni ya utulivu, kwangu ni shangwe kabisa, kwa sababu ndiyo iliyonirudishia mtoto. Sasa karatasi iliyochapwa na mtu asiyenijua itayajulia wapi hayo?

Hebu sikiliza lugha yetu yenyewe. Rangi zilizo na neno lake hasa, linalobadilika na kila kitu linachokisifu, ni tatu: -eupe, -eusi, -ekundu. Nguo nyeupe, kitabu cheupe, ua jeupe. (Wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, waliandika mwaka 1969 kwamba lugha nyingi za dunia huanza na hizo tatu.) Zilizobaki, nyingi tumeziita kwa vitu. Kijani ni jani. Kahawia ni kahawa. Kijivu ni majivu. Zambarau ni lile tunda lililotuchafulia meno tukachapwa kwa kuchafua sare. Manjano ni kile kiungo cha pilau ya njano na cha singo ya bi harusi. Waridi, chungwa, samawati ya mbinguni, maji ya kunde, damu ya mzee. Mswahili akitaja rangi, anataja kitu alichokiona mahali. Ukitaka kujua rangi inakufanya nini, jiulize uliiona wapi.

Hata hizo tatu hazina maana moja. Nyeupe ni kanzu ya Maulidi na ni sanda. Ukiziweka zote tatu pamoja kwenye kanga unapata kisutu cha harusi, na vitambaa vya rangi hizohizo tatu ndivyo waganga wengi wa pwani hii huagiza. Kaniki yetu nyeusi, bibi aliivaa shambani kwa sababu haionyeshi uchafu, na akaivaa msibani. Nguo ileile. Huwezi kuandika kwenye karatasi "nyeusi ya huzuni" ukamaliza.

Sasa nikwambie ninachokifanya mimi, maana hiki sijamwambia mtu.

Chini ya meza ya kukatia nina kopo la maziwa ya unga. Kila nikikata nguo, kipande kidogo cha mabaki, upana wa vidole viwili, nakitia humo. Vitenge, madera, sare za harusi, satini, khaki za wanafunzi. Asubuhi nikishasali, kabla ya kushika simu, nalimwaga juu ya meza na kuokota kipande kimoja. Sichagui kinachopendeza, wala kinachofuatana na nguo ya siku hiyo. Nachukua kile ambacho mkono umekiendea. Nakibandika kwenye daftari la shule, naandika tarehe na mstari mmoja: nimelala vipi, nani kanipigia, nini kinanikaa kooni. Kisha nafunga. Siulizi maana siku hiyo. Nikiuliza siku hiyohiyo nitajidanganya, nitajiambia ninachotaka kusikia.

Nilianza baada ya Mama kuondoka. Wewe ulikuwa unalia, watu wanakushika. Mimi sikulia, nilishona. Watu wakanisifu, wakasema nina moyo wa jiwe. Mwisho wa mwezi nikafungua daftari, nikakuta vipande kumi na moja vya damu ya mzee. Kumi na moja, na mimi rangi hiyo siivai, hujawahi kuniona nayo. Nikakaa nikiigusa kurasa kwa kurasa. Kipande cha tisa kilikuwa na nyuzi zinazotoka pembeni, na ndipo nikaukumbuka ule upindo wa kanga ya Mama uliokuwa umefumuka, kanga ya damu ya mzee aliyojitanda asubuhi aliponisindikiza hadi kwenye mwembe. Aliniambia, ukija wiki ijayo unishonee huu upindo, nikamjibu, Mama, fundi ni mimi, nitaushona nikirudi. Sikurudi kwa wakati. Ile doti tuligawana, kipande kwako, kipande kwangu, na upindo uliofumuka ukaja kwangu. Nilikuwa nimekiweka chini kabisa ya sanduku. Mkono wangu ulikuwa unakitafuta kila asubuhi, na mimi sina habari.

Ndiyo usiku ule nilikupigia saa nane, ukadhani kuna msiba mwingine. Nililia mpaka ukamwekea mtoto wako simu sikioni aniambie "pole mama mkubwa". Kesho yake nikaushona ule upindo, kwa mkono, kwa uzi wa rangi yake.

Rangi haikuniponya, mdogo wangu. Ilinionyesha mahali panapouma, nilipokuwa nimepafunika kwa kazi. Kulia nililia mwenyewe, na kusikilizwa nilisikilizwa na wewe.

Naona na wewe una mahali kama hapo. Umekaa eda miezi minne na siku kumi, ukavaa nguo zisizo na pambo kama ilivyotakiwa, na Mungu akulipe. Umetoka tangu Mfungo Sita. Lakini nilipokuja mara ya mwisho nilikukuta bado una dera lilelile jeupe lililofubaa, mapazia yamefungwa saa nne ya asubuhi, taa nyeupe inawaka sebuleni mchana kweupe. Hata shemeji, Mungu amrehemu, aliyependa kukuona umejitanda zile kanga zako za kijani, asingelijua jua liko wapi ndani ya nyumba ile. Sikusema kitu siku hiyo. Nasema sasa.

Fungua mapazia. Hili lina watu wake waliolipima. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza unyonge unaowashika watu kila majira ya baridi, siku zinapokuwa fupi, na wakawatibu kwa mwanga mkali. Taa zinazotumika siku hizi hutoa kama luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), na mgonjwa hukaa mbele yake nusu saa. Sebule yenye taa haifikishi hata elfu moja. Nje ya mlango wako, jua likishapanda, mwanga unazipita taa zile bila malipo. Sisi hatuna baridi ile, ila ukijifungia ndani mchana kutwa umejitengenezea ya kwako. Toka na chai yako ukaikunywe nje, kila siku, kabla ya kufagia.

Na usiku fanya kinyume chake. Jicho lina chembe zinazosikia mwanga wa samawati na kuuambia ubongo kwamba bado ni mchana, ndipo melatonini, homoni ya usiku, inachelewa kutoka. Simu unayoitazama hadi saa saba imejaa mwanga huo. Chumbani toa ile balbu nyeupe, weka ya njano hafifu. Ukitaka kuitumia ile taa nyekundu uliyouziwa, hapo inafaa, kwa sababu jicho haliidhanii mchana. Pesa yako isipotee yote.

Nguo usizibadilishe kwa kulazimishwa, na mimi sikuletei gauni la njano nikakwambia furahi. Anza na foronya. Utakapolala wiki nzima kwenye rangi moja utajua kama ni yako au siyo. Mimi nilijaribu waridi, nikaitoa siku ya tatu, ilinikumbusha hosteli.

Kisha fungua daftari. Mwezi ukiisha, kama hutaki kuniambia ulichokiona, usiniambie. Ila ukiona mwezi umepita na bado hulali, huli, na siku zote zinafanana, hapo usitafute kipande cha kitambaa wala taa. Twende hospitali, nitakuja tuingie wote chumbani kwa daktari, na tutamwambia na habari ya presha.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la asubuhi, kipokee Alhamisi stendi ya Kange. Kuna vipande arobaini, gundi na daftari. Cha kijani nimetia vitatu, vya kijani tofauti, sikujua kipi kinafanana na kanga zako. Vidonge umeze saa ileile. Na kile kipande chako cha kanga ya Mama, kama bado kiko sandukuni, kitoe ukianike kidogo kisije kikala uvundo. Mimi changu nimejitanda leo, nakuandikia nacho mabegani.

Dada yako