Shukrani kwa fundi wa mwaloni Kirumba, Mwanza

Kaka yangu, jina lako sikupata kulijua, lakini ahsante sana. Uliikuta boti yetu ya faiba imepaushwa na jua la ziwani, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe, ukaacha shughuli zako unielekeze. Pedi ya sufi ya mashine ya kung'arishia, ulisema, inakata kuliko ya sponji, hivyo hiyo na kompaundi kali (dawa ya kusugulia) ni za sehemu zilizochakaa kweli. Tuanze na kompaundi laini kwenye kipande kidogo tuone, kwa sababu jelikoti, lile tabaka la juu la faiba, ikishaliwa hairudi. Kila dawa na pedi yake. Mashine iende taratibu, mkono usitulie mahali pamoja, maana joto huunguza. Kisha sponji na polishi laini kufuta alama za mizunguko zinazoachwa na sufi, na mwisho nta, la sivyo jua linaanza upya.

Ubavu mzima sasa unang'aa kama kioo! Ujuzi wa namna hii mafundi wengi huuficha. Wewe uliutoa wote na hata soda ukakataa. Mungu akuzidishie. Ukipita tena Kirumba, mama ameshasema sato wako yupo.