Maeneo ya viwanda kaunti ni sawa, lakini stima je?

Kwa Mhariri,

Hizi habari za serikali kujengea kaunti maeneo ya viwanda, milioni 500 kila moja, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti yenyewe, mimi naziunga mkono kabisa. Maembe ya Makueni msimu ukifika yanauzwa bei ya kutupa na vijana wa mashambani wote wanakuja kubanana na sisi huku Nairobi, kwa hivyo kiwanda kikiwa karibu na shamba kijana atabaki kwao na ajenge kwao.

Lakini anayejenga godauni kwanza halafu stima aifikirie baadaye, huyo hajawahi kufanya kazi karakana. Mimi niko Kariobangi Light Industries, tunatengeneza beseni na jagi za plastiki. Stima ikipotea mashine ikiwa moto ile plastiki inagandia ndani, na ikirudi huwezi endelea tu hapo ulipoachia, unapasha upya, unasukuma nje yote iliyoungua mpaka itoke safi ndio uanze kazi. Malighafi imeenda, masaa yameenda, vijana wamekaa na jioni lazima walipwe. Halafu unapeleka beseni soko la Gikomba unakuta ya kutoka nje inauzwa chini ya gharama yako wewe uliyeitengeneza hapa hapa, sasa hapo mtu anashindana aje?

Ahadi tumezisikia. Ajenda Kuu Nne, ule mpango wa serikali ya Uhuru Kenyatta wa 2017, ilisema viwanda vifike asilimia 15 ya uchumi ifikapo 2022, na 2022 ikafika hata asilimia 8 haikutimia. Waulizeni watu wa Webuye pia. Kiwanda chao cha karatasi, Pan Paper, kilifungwa 2009 kikiwa na madeni, 2016 kikauzwa kwa wawekezaji, na mji mzima uliokuwa unategemea kile kiwanda, kuanzia wenye nyumba za kupangisha hadi mama wa kuuza chakula getini, uliumia. Majengo yalikuwepo wakati huo wote jamani, hakuna mtu alikula majengo.

Kitu kingine ni soko. Serikali yenyewe ndio mnunuzi mkubwa, madawati ya shule, sare za polisi, vyombo vya hospitali. Inunue kwa hawa watu wa hapa na ilipe kwa wakati, kwa sababu mwenye karakana ndogo akipewa tenda halafu akae mwaka mzima bila malipo anafunga, na benki haimngojei.

Kwa hivyo naomba wabunge na wale wa kaunti, kabla ya kupitisha pesa zingine za hayo maeneo, waulize kila gavana maswali matatu tu: transfoma iko, stima itakuwa bei gani, na nani ameshasema atanunua. Kama hakuna jibu, hizo pesa ziende kwa laini za stima kwanza, paa litangoja.

Mwenye karakana,
Kariobangi, Nairobi