Mkutano umesogezwa hadi Jumamosi: tuzo za watafiti vijana

Jambo wandugu wote wa kikundi,

Mkutano wetu si Ijumaa tena. Ni Jumamosi saa tisa alasiri, kampasi ya Kasapa, chumba kile kile. Ijumaa chumba kina mtihani, mtusamehe.

Tutazungumzia tuzo ya IUPAP (umoja wa kimataifa wa fizikia) kwa watafiti vijana wa fizikia ya semikondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu. Hutolewa kwenye ICPS, mkutano wa kimataifa wa fizikia ya semikondakta, unaofanyika kila baada ya miaka miwili. Ule wa 2024 ulikuwa Ottawa, Kanada. Sharti kubwa: usiwe umepitisha miaka 8 ya utafiti tangu doktora, na muda uliosimama kazi hauhesabiwi. Wamama mliosimama kwa ajili ya watoto, tafadhali msijitoe mapema!

Wengine mnaniuliza hayo yanatuhusu nini sisi wa Lubumbashi. Transista ya kwanza (kile kifaa kidogo cha kukuza na kuwasha umeme), mwaka 1947, ilitengenezwa kwa jemaniumu, ambayo ni semikondakta, na jemaniumu imo kwenye kile kilima cheusi cha Big Hill, mabaki ya kuyeyusha madini, tunachokipita kila siku. Mimi naamini kabisa jina la mtu wetu linaweza kusomwa kwenye tuzo hiyo siku moja.

Mnaombwa:
1. Kuleta CV na orodha ya makala zenu.
2. Faranga 5,000 kila mmoja, za mega na fotokopi. Mpe mtunza hazina kabla ya Jumamosi.

Andika "Nitakuja" au "Sitaweza" hapa hapa, mwisho Alhamisi jioni. Aliye na doktora mpya aniandikie pembeni tuanze barua yake.

Aksanti sana.